Jinsi Mashine Zilivyojifunza Kuandika Ushuri

Mgawaji wa mirathi ya Kiislamu huanza kazi yake na mafungu sita yaliyotajwa katika Kurani, yaani nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Na lau angetaka kuyaandika mafungu hayo kwa desimali, kama tulivyozoea kuandika bei na vipimo, angeona mara moja kuwa hayawi sawa mbele ya kalamu. Nusu ni 0.5, robo ni 0.25, thumuni ni 0.125, na hapo kalamu hutua. Lakini thuluthi ni 0.333 na tatu nyingine zisizo na ukomo, na sudusi ni 0.1666 hali kadhalika, kwa kuwa kumi, ambayo ndiyo nguzo ya hesabu yetu, haigawanyiki ila kwa mbili na kwa tano, wala haina njia ya kuimaliza sehemu yenye tatu ndani yake. Kompyuta nayo haihesabu kwa kumi bali kwa mbili. Na maadamu mbili haigawanyiki kwa tano, ushuri, yaani sehemu moja ya kumi, ambayo mtoto wa shule huiandika 0.1 bila ya kufikiri, ndani ya mashine huwa kama thuluthi ilivyo kwetu: mkia usiokwisha.

Namba hizi za sehemu, ambazo mafundi huziita namba za nukta ya kuelea kwa sababu nukta yake husogea kushoto au kulia kwa amri ya kipeo kinachohifadhiwa pembeni, hupewa katika kompyuta nyingi za leo nafasi ya biti 64. Na kwa hila ndogo ya kutoiandika tarakimu ya kwanza, ambayo aghalabu ni moja, tarakimu zenye thamani hupata nafasi 53. Mkia wa ushuri ukikatwa hapo, kinachobaki si ushuri bali ni namba iliyo karibu nao mno, ambayo ikiandikwa kwa ukamilifu wake ni 0.1000000000000000055511151231257827021181583404541015625. Basi mtu aliyeingiza 0.1 katika mashine, kisha akaiamuru imchapie alichokiingiza, astahili kujibiwa nini? Akisomewa tarakimu zote hamsini na tano ataambiwa kweli isiyomfaa kitu, akiambiwa 0.1 huenda akafurahi, lakini mashine lazima iwe na hoja ya kusema hivyo, kwani zipo namba nyingine ndani yake zilizo karibu na ushuri ambazo hazina haki ya jina hilo. Swali hili ni dogo kwa umbo, na kwa udogo wake lilidharauliwa kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Kuhamisha sehemu kutoka hesabu moja kwenda nyingine si jambo lililozaliwa na umeme. Katika mwaka 1424, huko Samarkand, Jamshid al-Kashi, mwanafalaki aliyefanya kazi chini ya ulinzi wa mtawala Ulugh Beg, alimaliza risala yake juu ya mzingo wa duara, ambamo alitafuta uwiano wa mzingo na nusu kipenyo kwa hesabu ya sitini sitini, ambayo ndiyo hesabu ya wanafalaki tangu Babeli, akafika daraja ya tisa baada ya nukta. Kisha, kwa faida ya watu wasioizoea hesabu hiyo, akaigeuza natija yake kuwa desimali: 6.2831853071795865. Tarakimu zote hizo ni sahihi. Lakini lipasalo kusifiwa zaidi ni kwamba al-Kashi hakuendelea mpaka akachoka, bali alijiwekea mpaka kabla ya kuanza: alitaka duara kubwa kuliko yote aliyoyajua, yaani duara la ulimwengu kwa makisio ya zama zake, likipimwa kwa namba yake, kosa lisifikie unene wa unywele wa farasi. Alijua ni wapi tarakimu zinakoma kuwa elimu na kuanza kuwa pambo. Kompyuta ya leo ikiulizwa namba hiyo hiyo hujibu 6.283185307179586, pungufu kwa tarakimu moja, na yenyewe pia ina sababu ya kukoma hapo ilipokoma. Ila ilichukua nusu karne ya ubishi mpaka sababu hiyo ikajulikana kikamilifu.

Mjerumani Konrad Zuse aliionyesha mashine yake ya Z3 mjini Berlin mwezi Mei 1941, na mashine hiyo tayari ilifanya kazi kwa hesabu ya mbili mbili na kwa nukta ya kuelea, katika maneno ya biti 22 ambayo 14 kati yake zilikuwa za thamani. Mwenye kuitumia aliingiza desimali kwa vitufe na kusoma desimali katika taa, na mashine yenyewe ilibeba mzigo wa kutafsiri kwenda na kurudi. Kwa tarakimu chache namna ile hakuna aliyeona haja ya kuuliza iwapo tafsiri ni sahihi. Na Z3 yenyewe haikuishi, kwani iliteketea katika mashambulizi ya mabomu ya mwaka 1943.

Upande wa Marekani, Arthur Burks, Herman Goldstine na John von Neumann waliandika mwaka 1946 taarifa yao mashuhuri juu ya ujenzi wa mashine ya kuhesabia, na humo waliitetea hesabu ya mbili mbili kwa hoja ambazo hazijapata kupingwa. Kasoro moja waliikubali, nayo ni kwamba binadamu hutumia kumi, hivyo namba lazima zigeuzwe; lakini waliiondoa haraka kwa kusema kuwa njia ya kugeuza inajulikana kabisa, na mashine inaweza kuifanya kwa kuzidisha na kugawanya kama kazi nyingine yoyote. Naam, njia ya kugeuza namba nzima ilijulikana kabisa. Njia ya kugeuza sehemu zilizokatwa mkia, zenye vipeo vikubwa mno au vidogo mno, katika nafasi yenye kikomo, huku ukihakikisha kuwa kilichochapwa kikisomwa tena kitarudi kuwa kile kile, haikujulikana. Na kwa kuwa watu wakubwa wa fani walikwisha kusema kwamba jambo ni jepesi, kazi hiyo aghalabu iliachiwa yeyote aliyekuwa na nafasi mchana ule.

Lugha ya Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, iliiepa dhima hiyo kwa njia ya adabu: ilimtaka mwandishi wa programu aseme mwenyewe ni tarakimu ngapi anazozitaka na katika upana upi. Wahandisi walizoea kuomba nane, kwa sababu mashine ya IBM 704 na zilizoifuata zilikuwa na biti 27 za thamani, na mbili ikizidishwa kwa nafsi yake mara 27 ni 134,217,728, adadi inayozidi milioni mia moja. Wakadhani kwamba nafasi hizo zinatosha kubeba tarakimu nane na kubakiza ziada. Mwaka 1967 I. Bennett Goldberg alichapisha makala fupi ambayo kichwa chake kilitangaza kuwa biti 27 hazitoshi kwa tarakimu nane, na burhani yake haikuhitaji zaidi ya kutazama kwa makini. Chukua namba zilizo kati ya 8,589,934,592 na 10,000,000,000. Desimali za tarakimu nane katika eneo hilo hupiga hatua za mia mia, ilhali namba za mashine zenye biti 27 hupiga hatua za 128. Desimali ni nyingi kuliko makao yaliyopo, na lazima mbili tofauti zikae katika chumba kimoja. Zikiisha kuchanganyika, hakuna mchapaji awezaye kuzitenganisha.

Mwaka uliofuata David Matula aliitoa kanuni yenyewe katika sura yake ya jumla, nayo ni kwamba haitoshi hesabu ya huku kuwa na namba nyingi kama hesabu ya kule, bali lazima iwe na ziada ya daraja moja, kwa kuwa hatua za hesabu hizi mbili hubadilika mahali tofauti na hazilingani kamwe. Kutokana na kanuni hiyo yapatikana mambo mawili ambayo kila mtunzi wa lugha ya programu huyajua leo: namba yenye biti 53 ikichapwa kwa tarakimu 17 itasomwa tena bila ya kupotea, na desimali ya tarakimu 15 ikiingizwa katika biti 53 itatoka kama ilivyoingia. Kati ya 15 na 17 pana ardhi isiyo na mwenyewe, na matata yote yalimea humo. Mchapaji wa tarakimu 15 humrudishia mtu 0.1 yake ikiwa safi, lakini namba mbili tofauti za mashine huweza kutoka kwake zikiwa na sura moja. Mchapaji wa tarakimu 17 hazichanganyi namba, lakini humjibu mtu yule yule kwa kumwambia 0.10000000000000001, naye huondoka akiamini kuwa mashine ina wazimu.

Kwa miaka mingi lugha zilichagua mojawapo ya aibu hizo mbili, au zikachagua ya tatu, ambayo ni kuchapa tarakimu sita tu na kunyamaza. Njia ya kutokea ilipatikana Massachusetts, katika mazingira ya lugha ya Lisp, ambako Guy Steele na Jon L White walijiuliza swali kwa namna tofauti. Hawakuuliza ni tarakimu ngapi zichapwe kwa namba zote. Waliuliza ni tarakimu chache ngapi zinazotosha kwa namba hii iliyopo mbele yetu. Kila namba ya mashine ina jirani mmoja chini yake na mmoja juu yake, na baina yao mashine haijui kitu. Kwa hiyo desimali yoyote iangukayo karibu zaidi na namba hiyo kuliko jirani zake itasomwa kuwa namba hiyo hiyo, na eneo hilo lote, kutoka katikati ya pengo la chini hadi katikati ya pengo la juu, ni milki yake. Mchapaji mwaminifu basi ni yule anayetafuta ndani ya milki hiyo desimali iliyo fupi kuliko zote, na zikiwa nyingi zenye ufupi sawa, achague iliyo karibu zaidi na namba yenyewe.

Tuijaribu kanuni hii kwa ushuri. Nusu ya pengo baina ya namba yetu ndefu na jirani zake ni takriban 0.00000000000000000694, na umbali kutoka namba hiyo hadi 0.1 kamili ni takriban 0.00000000000000000555, ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, kwa hiyo 0.1 imo ndani ya milki, na kwa kuwa hapana desimali fupi kuliko hiyo, mashine huchapa 0.1 kwa haki wala si kwa huruma. Lakini mashine ikiambiwa ijumlishe 0.1 na 0.2, natija yake haiwi ile namba inayomiliki 0.3, bali ni jirani yake wa juu, kuiita 0.3 kungekuwa ni kumpa mtu jina la mwenziwe, na ndiyo sababu huchapwa 0.30000000000000004. Watu wengi huicheka namba hiyo na kuilaumu lugha ya programu iliyoichapa. Mimi naona mchapaji hana lawama hapo: kosa lilikwisha tendeka katika kukata mikia na kujumlisha, naye alichofanya ni kutoa ushahidi.

Ustadi wa Steele na White ulikuwa katika kuubeba mpaka wa kosa pamoja na hesabu yenyewe. Kila tarakimu inapotolewa, kinachobaki hupimwa na ukubwa wa milki, ambao nao huzidishwa kwa kumi kila hatua ili mizani isipotoke. Kinachobaki kikiwa kidogo kuliko mpaka, kazi imekwisha, na tarakimu ya ziada ingekuwa ni uzushi. Mahesabu hayo hufanywa kwa namba nzima zisizo na kikomo cha urefu, kwa sababu vipeo vya biti 64 vyaweza kuifikisha namba kwenye desimali yenye tarakimu 309 kabla ya nukta, au kuididimiza hadi daraja ya 1,074 baada yake. Waliiita njia yao Dragon4, na mswada wao ulipita mikononi mwa wanafunzi na mabingwa kwa muda wa miaka mingi kabla ya kuchapishwa rasmi, jambo ambalo lanishangaza mpaka leo: dawa ipo, inajulikana na wachache, na lugha zinaendelea kuugua.

Ilichapishwa hatimaye mwaka 1990, katika mkutano wa wataalamu wa lugha za programu uliofanyika White Plains, jimbo la New York. Na kwa sadfa iliyo njema, William Clinger alitoa katika mkutano ule ule makala juu ya upande wa pili wa kazi, yaani kuisoma desimali na kuifikisha katika namba ya mashine iliyo karibu nayo zaidi, akithibitisha kuwa hesabu ya nafasi yenye kikomo haiwezi peke yake kuifanya kazi hiyo sawasawa kwa kila desimali. Mwezi Novemba wa mwaka huo David Gay, wa maabara za Bell, aliandika taarifa iliyoboresha kazi zote mbili, ya kusoma na ya kuchapa, tena hakuishia kwenye taarifa, bali aliitoa programu yenyewe bure kwa kila aitakaye. Kwa maoni yangu tendo hilo la pili lilifaa kuliko makala zote, kwani mtunzi wa lugha mwenye haraka hasomi burhani. Huchukua kilicho tayari.

Ni kweli kwamba sheria ilikuwapo. Kanuni ya kimataifa ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ambayo William Kahan wa Berkeley ndiye aliyekuwa mhimili wake, ilikwisha kuziweka namba za nukta ya kuelea katika utaratibu mmoja baada ya zama ambazo kila kiwanda kilikuwa na desturi yake. Lakini hata kanuni hiyo ilisamehe kidogo katika jambo la kugeuza: ilidai usahihi kamili katika masafa fulani tu, na nje ya hapo ikaruhusu kosa dogo la ziada, kwa sababu wakati ilipotungwa njia nafuu ya kutimiza usahihi wote haikuwa imeenea. Msamaha huo uliondolewa katika marekebisho ya mwaka 2008.

Lugha zilikuja kutubu moja moja. JavaScript, tangu kanuni yake ya kwanza ya mwaka 1997, ilidai kwamba tarakimu ziwe chache kadiri iwezekanavyo, na ikawaelekeza watekelezaji kwenye kazi ya Gay. Python ilidumu kuchapa 0.10000000000000001, na kila mwanafunzi mgeni aliuliza swali lile lile, mpaka toleo la 3.1 la mwaka 2009 lilipoichukua programu ya Gay. Java ilikuwa na kisa cha ajabu zaidi: katika kitabu cha sheria zake cha mwaka 1996 mmoja wa waandishi watatu alikuwa Guy Steele mwenyewe, na sheria ilitaka tarakimu zitoshazo kuitenga namba na jirani zake, wala si zaidi, lakini programu iliyoitekeleza haikuifuata sheria, na ikawa inachapa tarakimu za ziada kwa baadhi ya namba.

Hatari ya kuidharau kazi hii ilidhihirika mwanzoni mwa mwaka 2011. Iligunduliwa kwamba mtu akiupa mtambo unaotumia lugha ya PHP katika baadhi ya kompyuta namba 2.2250738585072011e-308, iliyo kwenye mpaka baina ya namba za kawaida na zile ndogo kupindukia, msomaji wa desimali aliingia katika mzunguko usiokoma, akilisahihisha kadirio lake mbele na nyuma bila ya kuridhika. Na haukupita muda ila Java ikakutwa na maradhi ya namna hiyo hiyo kwa namba iliyotofautiana na ile kwa tarakimu moja ya mwisho. Mtu yeyote angeweza kuituma namba hiyo katika fomu na kuulemaza mtambo mzima. Marekebisho yalitolewa upesi.

Usahihi ukiisha kupatikana, watu walianza kulalamikia gharama yake. Hesabu za urefu usio na kikomo ni za polepole, na katika zama hizi ambapo mashine hupelekeana takwimu kwa maandishi usiku na mchana, kuchapa namba kumekuwa kazi ya mamilioni kwa dakika. Robert Burger na Kent Dybvig, watu wa lugha ya Scheme, walikwisha kuipunguza kazi mwaka 1996 kwa kukisia kipeo mapema; lakini mruko mkubwa ulikuja mwaka 2010, Florian Loitsch alipoonyesha mjini Toronto njia aliyoiita Grisu, kwa jina la joka mdogo wa vikatuni vya Italia, ambayo hutumia namba nzima za biti 64 tu pamoja na jedwali la vipeo vya kumi lililotengenezwa kabla. Namna yake ya tatu hufaulu katika takriban asilimia 99.5 ya namba, na uzuri wake ni kwamba katika nusu asilimia inayobaki haikosei kimya kimya, bali hutambua kuwa haina yakini na kuikabidhi kazi kwa njia ya zamani. Injini ya JavaScript ya kivinjari cha Chrome iliichukua. Mwaka 2018 Ulf Adams alitoa Ryū, joka la Kijapani safari hii, ambayo huijibu kila namba bila ya kurudi kwenye njia ya zamani, kwa kuhesabu mapema ni biti ngapi hasa za jedwali zinazohitajika ili jibu lisiwe na shaka. Mpaka wa kosa, ambao Steele na White waliubeba hatua kwa hatua, Adams aliuthibitisha mara moja mezani kwake kwa namba zote.

Java ilisubiri zaidi ya wote. Raffaello Giulietti alitunga njia yake iitwayo Schubfach, akaiandika kwa ajili ya lugha hiyo, ikachunguzwa na kuzungumzwa kwa miaka kadhaa, na ikaingia katika toleo la 19 lililotoka mwezi Septemba 2022. Tangu siku hiyo namba 2e23, iliyokuwa ikichapwa na mkia usio na maana, huchapwa 2.0E23. Waliotoa toleo hilo waliona ni wajibu wao kuwatahadharisha watumiaji kwamba baadhi ya namba sasa zitatoka fupi kuliko walivyozizoea, kwa kuwa huenda pakawa na programu, mahali fulani, zilizokwisha kuzitegemea tarakimu zile za makosa.